Dakika za lala salama: Mama mjamzito Ngara na Biharamulo anahitaji klabu, na klabu ni wewe shabiki

MCHEZAJI wa kike mwenye mkataba akipata ujauzito, siku hizi ana pa kushika. Tangu Januari 1, 2021, kanuni za FIFA zinaitaka klabu impe likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na angalau wiki nane kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Muda wote huo analipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara wake.

Si hivyo tu. Klabu hairuhusiwi kumvunjia mkataba kwa sababu ya mimba. Akitaka kuendelea na mazoezi na daktari akaona ni salama, anaendelea. Ikionekana si salama, ana haki ya kupewa kazi nyingine ndani ya klabu. Na klabu ikipungukiwa mtu, inaruhusiwa kusajili wa kuziba pengo lake hata kama dirisha la usajili limefungwa.

Sasa njoo Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Mama anayelima maharage na migomba kwenye miinuko ya Rulenge, au anayekimbilia madirisha ya mabasi na sinia la ndizi pale njia panda ya Nyakanazi, hana mkataba na mtu. Hana daktari wa timu wala kocha wa viungo. Mimba ikifika miezi saba, jembe ni lilelile, ndoo ni ileile na kilima ni kilekile.

Klabu ya huyu mama ni nyumba yake. Na tusifichane, mara nyingi mtu ambaye angekuwa kocha msaidizi wa klabu hiyo yuko kwenye banda la video anaangalia mpira. Ndiyo maana makala haya yapo kwenye kurasa za michezo na si kule kwenye kurasa za afya. Wewe unayesoma hapa ndiye unayetafutwa.

MAZOEZI ANAYO, MAPUMZIKO HANA

Ukienda mjini, mjamzito anaambiwa ainuke kwenye kiti atembee kidogo. Ushauri huo ukiupeleka Biharamulo vijijini jinsi ulivyo, utachekwa. Atembee wapi tena? Kisima ni mwendo, shamba ni mwendo, gulio ni mwendo na kliniki nayo ni mwendo.

Hebu piga hesabu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Iko kichwani. Mgongoni kuna mtoto wa miaka miwili, tumboni kuna mwingine, na njia ni mteremko wenye utelezi wa mvua. Akifika nyumbani anainama kwenye mafiga kupika. Huo ni mzigo ambao hakuna kocha wa viungo wa Ligi Kuu angempa mchezaji wake wiki ya fainali.

Watu wa mpira tunalijua hili vizuri kuliko wengine. Timu ikicheza mechi tatu ndani ya siku saba, tunapiga kelele kwamba kocha azungushe kikosi. Straika akianza kuburuza miguu dakika ya 70 tunataka atolewe. Tunajua kabisa kwamba kuna mazoezi na kuna uchovu, na uchovu haumjengi mtu.

Miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kuanzia wiki ya 28, ndiyo dakika za lala salama. Tumbo limesogea mbele, kwa hiyo mgongo unapinda kulibeba. Viungo vya nyonga vimeanza kulegea ili kumpisha mtoto, jambo ambalo ni la kawaida, lakini linafanya mwili uyumbe kirahisi. Kuanguka ni rahisi kuliko zamani. Pumzi ni fupi kwa sababu mtoto anasukuma juu.

Kwa hiyo kwa mama wa Ngara na Biharamulo ushauri unageuka kidogo: apunguziwe mzigo, aachiwe mwendo. Kutembea mikono mitupu ni jambo jema. Kupanda kilima na ndoo au mkungu wa ndizi kichwani ni jambo la mtu mwingine kwa sasa, na huyo mtu mwingine ana miguu miwili na anaweza kukimbia dakika 90 kila Jumamosi kwenye bonanza.

DAKIKA 150, HATA MECHI MBILI HAZITIMII

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa mazoezi uliowataja wajawazito kwa jina. Mjamzito asiye na tatizo la kiafya la kumzuia anashauriwa apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mechi mbili ni dakika 180, kwa hiyo hapo hata mbili hazitimii. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku, siku tano.

Wastani maana yake nini? Kipimo chake hakihitaji saa ya mkononi. Akiwa anatembea awe anaweza kuongea na mtu bila kukatika pumzi, ila kuimba kumshinde. Akishindwa hata kuongea, amezidisha, apunguze mwendo au akae.

Kwa mama ambaye siku nzima yuko shambani, nusu saa hiyo kwa hakika ameshaivuka. Yeye ajali zaidi kupumzika mchana na kulaza miguu. Lakini wapo wengi wa aina nyingine: mwalimu, mama wa duka pale Kabanga, fundi cherehani wa Biharamulo mjini anayekaa kwenye kiti toka asubuhi hadi jioni. Hao wanahitaji kutoka.

Kama karibu na nyumbani kuna uwanja wa mpira, umepata pa kuanzia. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Mizunguko mitatu inazidi kidogo kilomita moja. Uwanja ni tambarare, tofauti na njia za milimani, na jioni una watu, kwa hiyo akijisikia vibaya hayuko peke yake. Aende asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, avae viatu visivyoteleza, abebe maji.

Mbali ya kutembea, yapo mambo madogo ya kufanya nyumbani. Moja ni kukaa na kuinuka taratibu kwenye kiti huku ameshika ukuta au meza, mara kumi hivi, ili mapaja yapate nguvu. Lingine ni kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kuhesabu hadi tano, kisha kuachia. Misuli hiyo ndiyo inayobeba uzito wa mtoto, na ikiwa imara inamsaidia mama asisumbuliwe na mkojo kuvuja akicheka au kupiga chafya.

Akilala, alale ubavu. Kulala chali katika miezi hii kunalifanya tumbo likandamize mshipa mkubwa wa damu na mama anaweza kupata kizunguzungu. Akiamka asijikunje kama golikipa anayenyanyuka baada ya kudaka penalti. Ageuke ubavu kwanza, asukume kwa mikono, ndipo akae.

Michezo ya kugongana, kuruka na kuanguka inaachwa. Mpira wa kushindana umo humo. Na wapo ambao hata kutembea kwingi kunaweza kukatazwa: wenye presha ya juu, wanaotokwa damu, waliokutwa na kondo la nyuma lililokaa chini, wenye upungufu mkubwa wa damu au wenye dalili za kujifungua kabla ya wakati. Hawa wasipangiwe ratiba na mtu wa kijiweni, hata na mwandishi wa mpira. Wamuulize mkunga kliniki.

MWILI WA CHUMA SI KINGA

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Utasikia mtu anasema, mke wangu ni ngangari, analima mpaka siku ya kujifungua, hana shida huyo. Kwamba mwili wenye nguvu hauna haja ya kukimbizwa hospitali.

Turudi Rio de Janeiro, Olimpiki ya 2016. Marekani walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 100 mara nne kwa wanawake. Walikimbia Tianna Bartoletta, Allyson Felix, English Gardner na Tori Bowie. Ukitafuta wanawake wenye miili iliyoandaliwa vizuri kuliko hao duniani siku ile, ungehangaika.

Novemba 2018 Allyson Felix alikutwa na presha ya hatari ya ujauzito, ile inayotangulia kifafa cha mimba. Ilibidi afanyiwe upasuaji wa haraka mimba ikiwa na wiki 32, na mtoto akalazwa chumba cha uangalizi maalumu. Bartoletta naye alijifungua kabla ya wakati na akapita kwenye hatari kubwa.

Tori Bowie hakupona. Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017 kule London. Mwaka 2023 alikutwa nyumbani kwake amefariki, akiwa na mimba ya takriban miezi minane na akiwa peke yake. Ripoti ya uchunguzi wa mwili ilionyesha uchungu ulikuwa umeanza, na ikataja kifafa cha mimba kuwa miongoni mwa matatizo yanayoweza kuwa yalichangia.

Wakimbiaji wanne wa dhahabu, watatu wakapata matatizo makubwa ya uzazi na mmoja akapoteza maisha. Walikuwa katika nchi yenye hospitali za kila aina. Kama nguvu za miguu zingekuwa kinga, hao wangekuwa wa mwisho kuguswa.

Mazoezi yanasaidia sana. Yanapunguza uwezekano wa kupata presha na kisukari cha mimba, yanasaidia usingizi na mgongo. Lakini presha ikipanda haimuulizi mtu kama analima heka mbili. Na presha haionekani kwa macho. Inaonekana kwa kipimo, na kipimo kiko kliniki.

WALIOTOKA WAKARUDI

Upande wa pili wa habari hii unatia moyo. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua binti Juni 2018. Mwaka uliofuata akachukua fedha ya mita 1,500 kwenye mashindano ya dunia Doha, kisha dhahabu ya Olimpiki Tokyo na nyingine Paris 2024. Mwaka 2023 alivunja rekodi tatu za dunia. Hayo yote akiwa mama.

Kwenye soka, Alex Morgan wa Marekani alijifungua Mei 2020, na Novemba mwaka huohuo alikuwa amevaa jezi ya Tottenham. Septemba 2024 alicheza mechi yake ya kuaga akiwa ameshautangazia umma kwamba ana mimba ya pili.

Si wote walipokelewa vizuri. Kiungo wa Iceland, Sara Björk Gunnarsdóttir, alipata ujauzito mwaka 2021 akiwa Lyon ya Ufaransa, na mshahara wake haukulipwa kama ulivyotakiwa. Alipeleka madai FIFA. Mei 2022 uamuzi ukatoka kwamba klabu imlipe zaidi ya Euro 82,000 pamoja na riba. Ilikuwa kesi kubwa ya mwanzo tangu kanuni zile za 2021 zianze kutumika, na klabu zote duniani zilisikia.

Ukiwatazama waliorudi, utaona nyuma yao kuna watu: daktari, kocha, mume, mama mzazi, mtu wa kushika mtoto. Mchezaji harudi uwanjani kwa juhudi zake mwenyewe tu. Na mama wa Ngara harudi shambani salama kwa juhudi zake mwenyewe tu.

KADI NYEKUNDU

Kuna dalili ambazo mwamuzi hatoi onyo kwanza. Zikitokea ni kuondoka kwenda kituo cha afya au hospitali muda uleule, hata kama ni usiku na hata kama ni derby.

Damu kutoka ukeni, iwe nyingi au kidogo. Chupa kupasuka na maji kutoka kabla ya wakati. Kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazobisha hodi kabla ya kifafa cha mimba. Degedege yenyewe ikitokea, hakuna tena mjadala wa kulogwa wala mizimu.

Zipo nyingine: homa kali, tumbo kuuma sana bila kuachia, kukosa pumzi akiwa amekaa tu, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti. Na mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Mama anajua mtoto wake anavyocheza. Akisema leo hachezi kama jana, aaminiwe, asiambiwe ni usingizi.

Homa isichukuliwe kuwa mafua ya kupita. Kagera ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria, na malaria ya mjamzito inakula damu ya mama na kumdumaza mtoto. Ndiyo sababu ya vidonge vya SP anavyomeza kliniki mbele ya mhudumu, mara tatu au zaidi, vikipishana angalau mwezi mmoja. Ndiyo sababu ya chandarua chenye dawa anachopewa. Kitumike kulalia. Si cha kufugia kuku wala kuzungushia bustani.

Vidonge vya kuongeza damu navyo amalize. Mjamzito mwenye upungufu wa damu ni kama timu inayoanza mechi pungufu, kwa sababu siku ya kujifungua lazima damu itoke. Maharage yapo, dagaa wapo, mboga za majani na mayai yapo. Ndizi inashibisha lakini peke yake haitoshi. Udongo ule wa pemba wanaouita kitafunio hauongezi damu. Pombe, hata kama ni rubisi ya nyumbani, aachane nayo. Na dawa za mitishamba za kuongeza uchungu zisiguswe. Uchungu ukiwa mkali kuliko mlango ulivyofunguka, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

MECHI YA UGENINI INAPANGIWA SAFARI

Hakuna timu inayokwenda ugenini bila kujua basi litatoka saa ngapi. Kujifungua kwa mama wa kijijini ni mechi ya ugenini. Nyumbani ni kijijini, uwanja ni kituo cha afya au hospitali.

Ngara kuna Murgwanza, Rulenge na hospitali ya wilaya ya Nyamiaga. Biharamulo kuna hospitali teule ya wilaya pale mjini. Barabara kuu ya malori ya Rwanda na Burundi inapita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rusumo na Kabanga, na aliye kando ya lami ana nafuu. Lakini vijiji vingi viko ndani, ambako mvua ikinyesha bodaboda yenyewe inasukumwa.

Wataalamu wa uzazi wanasema vifo vya kina mama mara nyingi vinatokana na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hiyo ya tatu ni ya serikali na wahudumu. Mbili za kwanza zinaanzia nyumbani, na mume ana mkono wake humo.

Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni ushindi mkubwa, lakini 104 ni wanawake, na kila mmoja ana nyumba aliyoiacha.

Kwa hiyo mimba ikifika wiki ya 36, mambo haya yawe yameshajibiwa. Atajifungulia wapi? Nani atamsindikiza? Nani atabaki na watoto? Dereva gani anayeaminika ana chombo na simu yake inapatikana usiku? Nani kati ya ndugu yuko tayari kuchangia damu ikihitajika? Kama nyumbani ni mbali sana, anaweza kusogea mapema kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali?

Namba moja iwekwe kwenye kila simu ya nyumba hiyo: 115. Ni ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakipata dharura. Simu ni bure. Anayepokea anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu, anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa na mfumo. Watu wanajua kwa kichwa kikosi cha Yanga cha miaka kumi iliyopita. Tarakimu tatu hazitawashinda.

Begi nalo liwe mlangoni: kadi ya kliniki, kanga au vitenge safi vya kutosha, nguo za mtoto na kofia, pedi, sabuni, beseni na vifaa ambavyo mkunga amemwagiza, kama mipira ya mikono, pamba na kibanio cha kitovu. Sera inasema huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure. Hata hivyo, familia inayojipanga haianzi kuhangaika na duka saa nane za usiku.

BUKU MOJA KWA SIKU

Fedha inatoka wapi? Swali zuri. Kuanzia wiki ya 28 hadi ya 40 kuna wiki 12, yaani siku 84. Shilingi 1,000 kwa siku kwa siku hizo ni Sh84,000. Mtu anayeweka mkeka kila siku ameshathibitisha mwenyewe kwamba buku hiyo ipo. Inachohitaji ni kubadilishwa njia kwa miezi mitatu tu. Na huu ni mkeka ambao hauchanwi na goli la dakika ya 93.

Kwa wenye ajira rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku tatu. Ni chache, lakini wapo wanaume wengi ambao hata hizo hawaziombi. Mkulima hana wa kumpa likizo. Yeye likizo yake anapewa na watu wa nyumbani mwake au haipati kabisa.

WHO inashauri mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara tano kati ya hizo ziko ndani ya miezi hii mitatu ya mwisho: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Timu inayotega mazoezi mwishoni mwa msimu tunaijua inavyoishia. Hata kama mtoto anacheza vizuri na mama anajisikia mzima, siku ya kliniki ni siku ya kliniki.

Na nenda naye. Kijiweni watakutania kwamba umekaliwa. Waache. Haohao ndio wanaosifia picha za mastaa wa Ulaya wakiwa wodini na wake zao. Ukiwa pale utasikia presha ni ngapi, damu ni ngapi, mtoto amekaaje. Siku ya dharura wewe ndiye utakayeulizwa, na jibu la sijui linachelewesha watu.

Nyumbani kazi yako inajulikana bila kikao. Maji unachota wewe. Kuni unapasua wewe. Shamba la mteremkoni unakwenda wewe, yeye abaki na kazi za kukaa na zile za tambarare. Jioni mnatembea pamoja, hata kama ni kuzunguka uwanja mara tatu huku vijana wanacheza. Mtazame mpira hapohapo.

NA MABINTI WANAOTUTAZAMA

Kuna sababu nyingine ya sisi watu wa mpira kulibeba jambo hili. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 Afrika Kusini, wakasubiri miaka 15 hadi walipozicheza tena Morocco Julai 2025. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2022. Mabinti wanaocheza peku kwenye viwanja vya shule za Ngara na Biharamulo wanaona kwamba njia ipo.

Wakiingia kwenye njia hiyo watakutana na swali la uzazi, kama walivyokutana nalo Kipyegon na Gunnarsdóttir. Wakisaini mkataba waulize kipengele cha uzazi kinasemaje, maana kanuni ya FIFA ya wiki 14 ipo kwa ajili yao. Viongozi wa klabu za wanawake nao waache kumchukulia mchezaji mwenye mimba kama mchezaji aliyekwisha.

Lakini kabla binti hajasoma mkataba wowote, anasoma nyumbani kwao. Anamwona mama yake na tumbo la miezi minane, ndoo kichwani, wakati baba ana redio sikioni. Au anamwona baba ndiye mwenye ndoo, mama amekaa kivulini amenyoosha miguu. Atakachokiona ndicho atakachokidai kwa klabu yake siku moja, na kwa mume wake pia.

Wikiendi hii kuna mechi. Nenda kaangalie, hakuna aliyekukataza. Ila kabla hujatoka, jaza ndoo, hakikisha simu yako ina chaji, muulize mama watoto kama mtoto amecheza leo, na mwachie jina la banda utakalokuwepo.